Zamu ya Ijumaa

Hebu niambie, umewahi kukaa mikono mapajani ukitazama askari wenye njaa wakiharibu unga ulioukanda mwenyewe?

Mimi yamenikuta, Hanuka hii, sikukuu yetu Wayahudi ya kuwasha mishumaa, kambini kwa mjukuu wangu Elkana, kule juu mlimani kwenye upepo. Nilipanda na beseni la unga ulioumuka vizuri, mafuta na sukari, niwakaangie sfenji, yale maandazi yetu ya tundu tuliyotoka nayo Moroko. Lakini sikupanda kwa ajili ya sfenji tu. Nilimtaka Iair.

Iair ni kijana wa Argentina, askari mwenzake Elkana. Kaja nchini peke yake, hapa hana mama wala shangazi. Kila nikimwambia Elkana amlete Ijumaa jioni tule naye chakula cha Sabato, jibu ni lile lile: "Bibi, yuko zamu. Anapenda zamu huyo." Nani anapenda zamu ya Ijumaa? Nilitaka anieleze mwenyewe.

Basi, mafuta ndiyo kwanza yanapata moto, hawa wasio na subira wakawasha mishumaa. Nikatoa mikono kwenye beseni, nikaifuta, nikaketi.

"Vipi, Bibi, umechoka?" mmoja wao akauliza.

"Mishumaa inawaka. Kwetu mwanamke hagusi kazi mpaka izimike. Nani kawatuma muwashe mapema?"

"Njaa!" akajibu Elkana.

"Haya, njaa hiyo hiyo iwakaangie."

Ungeona vituko! Elkana akatumbukiza donge zima.

"Hilo andazi au buti?" wenzake wakamcheka.

Iair akaja, akasimama karibu yangu, akachukua unga.

"Lowesha vidole, mwanangu," nikamwambia. "Donge dogo. Toboa kwa dole gumba. Sasa vuta... taratibu, usilikabe!"

Vidole vyangu vilikuwa vinacheza vyenyewe mapajani. La kwanza likatoka kama sikio la mbuzi. La pili likawa andazi. Akaendelea kukaanga, wenzake wakidaka ya moto, sukari mpaka puani, wakibishana mama yupi hutia ganda la chungwa na nani atawahi basi la Ijumaa la kwenda nyumbani. Yeye hakula hata moja.

"Na wewe Ijumaa?" nikamuuliza polepole.

"Niko zamu, Bibi."

"Umepangiwa, au umeiomba?"

Akageuza andazi ambalo bado halijaiva.

Mshumaa wa mwisho ukazimika. Nikainuka, nikalowesha vidole, nikamkaangia moja kwa mkono wangu, nikalichovya sukari, nikamshikisha. Akaling'ata, akatafuna muda mrefu, macho yakiwa kwenye mafuta.

"Siipendi zamu, Bibi," akasema. "Naiomba kwa sababu nikitoka kambini naingia chumba chenye giza. Na kwako niliona haya kuja, nikadhani Elkana ananionea huruma tu." Akajifuta sukari mdomoni. "Nataka kuja Ijumaa. Nataka nikute mtu ananingoja mlangoni, anigombeze nimechelewa."