Saa Nane Chini ya Bati

Mwalimu wa hisabati hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima, aliwasimamisha wanafunzi wa mkondo wa pili akawaambia wao ni mzigo. Wenzao wa mkondo wa kwanza walisoma kitabu kile kile, kwa mwalimu yule yule, na walikuwa wamewaacha mbali. Msichana mrefu aliyeshika mkia alisimama akitazama viatu vyake.

Wiki hiyo chumba cha walimu kikapakwa rangi. Mwalimu akakosa pa kusahihishia, akabeba madaftari hadi darasa la mkondo wa pili, akaketi dawati la nyuma, kando ya yule msichana, mwalimu mwenzake akifundisha historia. Siku zote yeye mwenyewe hufundishia mlangoni, penye upepo, kisha huyo, anaenda zake.

Saa nane bati lilikuwa limeshika moto, wala dari haikuwepo. Dirisha moja lilipigiliwa mbao tangu wezi walipoingia. La pili lilielekea karakana ya kuchomelea vyuma. Mashine ikinguruma, mwalimu wa historia hunyamaza. Ikitulia, huanza upya. Jasho lilidondokea madaftari. Kichwa kikaanza kumgonga.

"Mwalimu," msichana alinong'ona, "hapo ni thelathini na nne. Umeandika arobaini na tatu."

Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu.

"Mnakaa hivi kila siku?"

"Mchana tu. Asubuhi tunajitahidi."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni alimwomba mwalimu mkuu mikondo ibadilishane vyumba kila wiki mpaka dari iwekwe. Mkuu alihofia wazazi wa mkondo wa kwanza wangekuja juu. Mwalimu akajibu kwamba waje kwake, atawakalisha dawati la nyuma. Mkuu akakubali.

Jumatatu iliyofuata mwalimu aliwaomba radhi wanafunzi wa mkondo wa pili mbele ya wote. Hakuna aliyepiga makofi. Hawakuwahi kusikia mwalimu akiomba radhi.

Muhula ulipoisha, mkondo wa pili ulikuwa umesogea, na msichana yule akafika katikati. Mama yake alikuja kuchukua ripoti, akamshukuru mwalimu kwa kumkazania mwanawe.

"Usinishukuru, mama," alisema, macho mezani. "Kaa kwanza nikueleze nilichomwambia mwanao."

Mama akavuta kiti.