Atakusomea

Asubuhi ya Alhamisi, Luqman aligeuza skrini ya kompyuta yake ili Hasina aione vizuri. Kwenye jedwali kulikuwa na majina tisa, na mbele ya kila jina nambari mbili.

"Soma la mwisho," alisema.

"Mishi Mbarak. Kumi na moja. Sifuri."

"Ametumiwa skripti kumi na moja. Zilizopita, sifuri. Leo hii asipopitisha hata moja, namtoa. Nafasi yake kuna msichana wa Lunga Lunga anaingoja."

Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la simu, Ukunda. Kazi ilikuwa ya sauti. Mashirika na kampuni zilituma skripti za matangazo, na kila aliyetaka kuchaguliwa alituma jaribio lake la sauti kabla ya saa iliyowekwa. Zamani Luqman aliendesha mambo hayo kwa simu na daftari. Tangu Januari yaliendeshwa na Karani. Karani ni programu ya akili mnemba aliyoiunda mwenyewe kwa miezi minne. Ilifungua barua pepe, ikachagua sauti inayofaa, ikasafisha lugha ya skripti, ikaikata vipande vifupi na kumsomea msemaji sikioni kupitia simu yake. Msemaji alirudia, Karani akarekodi, akalinganisha maneno yaliyosemwa na yale aliyoyasafisha. Yakioana kwa tisini katika mia, jaribio lilikwenda kwa mteja. Yasipooana, lilibaki. Hakuna mtu aliyegusa kitu katikati.

"Umewahi kumsikiliza?" Hasina aliuliza.

"Nani?"

"Bi Mishi. Hizo rekodi kumi na moja."

"Ningekuwa nasikiliza, ningemtengeneza Karani wa nini?"

Hasina Alfani alikuwa na stashahada ya Kiswahili na mawasiliano, na kazi yake ilikuwa kutafuta sauti. Bi Mishi aliletwa na yeye. Ndiye aliyemsomesha Hasina utotoni, katika chuo chake cha Kurani Msambweni, tangu alif mpaka juzuu ya mwisho, na sauti yake ilifika nyumba ya tatu bila kupandishwa. Mwaka juzi watoto walihamishiwa madrasa mpya yenye madawati na feni, na chuo cha barazani kikafa bila mtu kukifunga. Mamake Hasina alisema bibi huyo alikonda mwaka mzima. Tangu apate kazi ya Ukunda alikuwa amenenepa tena, na kila aliyepita mlangoni aliambiwa: "Nina shughuli. Nina watu wangu Ukunda."

Hasina alivaa spika za masikioni akafungua rekodi ya kwanza. Lilikuwa tangazo la mafunzo ya wakulima wa mwani, Kibuyuni. Kwanza ikaja sauti laini ya Karani: "Karibuni wakulima wa magugu ya bahari."

Kisha sauti ya Bi Mishi: "La. Magugu hung'olewa yakatupwa. Huo ni mwani. Karibuni wakulima wa mwani. Haya."

Karani akaendelea: "Mafunzo yataanza Jumatatu."

"Naam. Vizuri. Endelea."

Hasina alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akafungua ya pili, ya tano, ya tisa. Zote zilikuwa hivyo. Karani aliposema sawa, Bi Mishi alisema naam. Karani alipokosea, Bi Mishi alimkata, akalitamka neno lilivyopaswa, kisha akasema kipande kizima polepole, kama anayekishika mkono. Katika rekodi ya saba alimuuliza Karani kama amekula.

"Unacheka nini?" Luqman aliuliza.

"Sicheki."

Alifungua skripti za awali, zile za wateja kabla hazijasafishwa. Mteja wa Kibuyuni aliandika "mwani". Karani ndiye aliyeweka magugu. Mteja wa pili aliandika "leso", Karani akaweka "kanga", na Bi Mishi akairudisha leso bila kujua kwamba ilikuwepo. Kati ya masahihisho ishirini na sita aliyohesabu, kumi na tisa yaliangukia neno lile lile la mteja.

Ndipo Hasina alipokumbuka siku alipompelekea simu. Alikuwa amesimama mlangoni kwa haraka, akamwambia: "Bi Mishi, huyu atakusomea, nawe utasema." Katika chuo, anayesoma ni mtoto. Humsomea mwalimu, na mwalimu husema palipokosewa. Bi Mishi alikuwa ameambiwa neno analolijua kwa miaka arobaini, akafanya lilivyosema.

Alimweleza Luqman.

"Sasa si umwambie tu? Mama, usifunze mashine, rudia inachosema. Simpo."

"Nikimwambia hivyo nimemvunjia chuo mara ya pili."

"Hasina, hiyo si data."

"Skripti ya leo ni ipi?"

Ilikuwa ya maonyo ya mafuriko, ya kupigiwa wakulima na wafugaji wa Kwale kwa simu, kwa sauti moja, mwaka mzima. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi alasiri. Karani alikuwa ameiweka katika kabati la matusi, kwa sababu mteja aliandika "mvua ikinya", na kwa Karani kunya kulikuwa na maana moja tu.

Hasina aliitoa huko. Aliomba mambo mawili: Karani asiisafishe skripti hii, na yeye mwenyewe apewe nafasi ya kuweka maandishi mawili, moja la kusomewa msemaji na jingine la kulinganishia. Luqman alibofya mara chache, akamwachia kiti.

Skripti ilikuwa na vipande vinane. Hasina aliiacha ile ya mteja upande wa kulinganishia. Upande wa kusomewa, aliiandika upya na kuiharibu.

Ilimchukua saa nzima. Kuandika vibaya kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Kosa halikutakiwa kuwa kubwa hata likamfanya Bi Mishi aache kusikiliza, wala dogo hata akalisamehe, na kila kosa lilipaswa kuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Mahali palipoandikwa "mto uliofurika" aliandika "mto iliofurika". "Hamisha mifugo yako mapema, iweke mahali palipoinuka" aliifanya "hamisha mifugo zako mapema, ziweke mahali palipoinuka". "Ukisikia sauti hii" ikawa "ukisikia sauti huyu". Vidole vyake vilirudi vyenyewe kusahihisha, akavilazimisha tena.

"Hiyo 'mifugo zako' mbona iko sawa?" Luqman aliuliza nyuma ya bega lake.

"Nyamaza."

Alipanda bodaboda mpaka Msambweni. Bi Mishi alikuwa ameshaswali adhuhuri na alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jua lote hili? Mamako mzima?"

"Mzima, anakusalimu. Nimekuja tufanye kazi pamoja leo. Kuna skripti ya haraka."

"Huyo mtoto wenu yuko?"

"Yuko."

Bi Mishi aliweka ungo chini, akanawa mikono, akajifunga mtandio vizuri kama anayetoka. Hasina alifunga dirisha la upande wa barabara, akamvalisha spika ya sikioni, akawasha.

Karani alisoma: "Mvua ikinyesha bara, mto yako hujaa hata kama kwako kuna jua."

"La, la," alisema Bi Mishi. "Anyeshaye ni Mungu. Mvua yenyewe hunya. Na mto si yako, mto ni wako. Sikiliza. Mvua ikinya bara, mto wako hujaa hata kama kwako kuna jua."

"Usivuke mto iliofurika, hata kama jana uliuvuka."

"Ulio-furika. Usivuke mto uliofurika, hata kama jana uliuvuka."

Kufikia kipande cha tano Bi Mishi alikuwa amesogea mbele kwenye mkeka. Kwenye mifugo alipaza sauti. Kwenye cha nane alikisema kipande kizima mara mbili, ya pili kwa upole mkubwa: "Ukisikia sauti hii, mwamshe na jirani yako."

Hasina alizima. Ilikuwa saa tisa na robo. Alikaa pembeni na simu, akakata makemeo yote na kubakisha vipande vinane vizima. Vilisimama. Kulikuwa na mtu ndani ya ile sauti, mtu aliyetaka uelewe na ambaye asingeondoka mpaka uelewe. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Hasina."

"Labeka."

"Huyu mtoto mmemfanya nini?"

Bi Mishi hakuwa amerudi kwenye mchele. Alikuwa pale pale mkekani, mtandio umemshuka mabegani.

"Miezi mitatu namsomesha. Juma lililopita alikuwa akikosea neno moja katika matano, nikasema alhamdulillahi, anashika. Leo hakuna hata sentensi moja iliyosimama. Mtoto akirudi nyuma namna hii, kosa si lake. Nimekwisha kuwa mzee. Mwambie Luqman anitoe, amtafutie mwalimu mwenye nguvu."

Hasina aliangalia simu. Jaribio lilikuwa tayari. Akilibonyeza, jina la Bi Mishi lingebaki kwenye jedwali, na mwenye jina alikuwa anajitoa.

"Si yeye aliyekosea," alisema. "Makosa yote nimeyaandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"'Mifugo zako' umeandika wewe? Niliyekusomesha mimi?"

"Makusudi, Bi Mishi. Ili uyaseme yaliyo sawa."

Alimweleza yote, kuanzia mlangoni siku ile ya simu. Alimwambia kwamba Karani si mtoto, hakuwa akijifunza chochote, na kwamba kwa miezi mitatu alipima tu kama amefuatwa. Alimwambia kwamba rekodi zake hazikutoka Ukunda. Hakumpunguzia kitu.

Bi Mishi alivua spika, akaishika kiganjani.

"Kwa hivyo hanisikii."

"Hakusikii."

"Nilimuuliza kama amekula."

"Nimesikia."

Bi Mishi alicheka kidogo, puani, kisha akaacha. "Wewe uliniambia atanisomea."

"Nilisema vibaya."

"Hukusema vibaya. Ulisema neno zima, nami nikalichukua zima. Ungesema: atakwambia, nawe ufuate. Hapo ningejua ni kazi ya kasuku, na ningekwambia sitaki."

"Ndiyo maana niliogopa kukwambia leo."

"Ukaona bora unidanganye kwa sarufi mbovu."

Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji, magurudumu yakilia.

"Haya maneno ya mvua," Bi Mishi alisema baadaye, "ni maneno ya kweli? Yatafika kwa watu?"

"Ukichaguliwa, yatafika. Wasipokuchagua, atayasema mwingine."

"Hebu nisikie nilivyoyasema."

Hakuwa amewahi kujisikia kwenye mashine. Hasina alimrudishia spika na kumchezea vipande vinane. Bi Mishi alisikiliza akiwa amefumba macho na kidole kimeinuliwa, kama alivyosikiliza watoto. Katika cha sita kidole kilishuka.

"Hapo simama. Hapo nimekemea. Mtu hahamishi ng'ombe zake kwa kukemewa, atabaki palepale kwa ukaidi. Washa chombo chako."

"Nikusomee?"

"Wanisomea nini? Nimekisikia mara tatu. Washa."

Aliwasha. Bi Mishi alikohoa, kisha akasema peke yake, bila mtu sikioni: "Hamisha mifugo yako mapema, iweke mahali palipoinuka." Alisema kama anayemwambia jirani juu ya ua.

Hasina alitoa kile cha kwanza akaweka hiki. Saa kumi kasoro dakika nane jaribio liliondoka. Karani aliliweka tisini na tisa katika mia.

Ujumbe wa Luqman uliingia papo hapo: *Amepita! Basi abaki. Umefanyaje?*

"Anasema umebaki," Hasina alimwambia.

"Nani aliyemwambia nabaki?" Bi Mishi alikuwa amesimama, anatafuta kata ya kutawadhia. "Mwandikie hivi. Sitaki kusomewa, na hicho kitu cha sikioni aje akichukue. Nataka maneno niyapate siku moja kabla, kwenye karatasi, kama yalivyoandikwa na mwenyewe, si yaliyooshwa. Na yaandikwe kwa herufi za Kiarabu, hizo nyingine zanichosha macho. Akikubali, nabaki. Akikataa, nina mchele wa kuchambua."

Akaenda uani. Hasina aliandika ujumbe wote bila kupunguza neno. Majibu yalichelewa, akasikia maji yakimwagika, kisha kimya cha mtu anayeswali.

*Karani hawezi herufi hizo,* Luqman alijibu.

*Nitaandika mimi.*

*Kila skripti? Kwa mkono?*

Hasina aliitazama simu, akawaza skripti nne au tano kwa mwezi. Alikuwa hajaandika herufi hizo tangu darasa la nane, na ya mwisho aliyoiandika ilirudishwa na Bi Mishi ikiwa imezungushwa duara mara mbili.

*Kila skripti,* aliandika.