Sisimizi katika Asumini za Bi Zeyana

Siku kumi na tisa kabla ya harusi ya mjukuu wake, Bi Zeyana aliniita uani, akainua tawi la asumini kwa kidole kimoja, akasema, "Tazama."

Nikatazama. Vitumba vilikuwa vimejikunja na kugeuka rangi ya chai. Sisimizi wadogo weusi walipanda na kushuka kama watu wa gulioni, na chini ya majani walikaa vijidudu vyeupe kama pamba, wale wanaofyonza utomvu na kuchungwa na sisimizi kwa ajili ya utamu wao. Niligusa tawi, vitumba vitatu vikadondoka.

Ilikuwa mwaka 1951. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, na mwaka wa tisa nikitunza bustani ya nyumba hiyo ya Mtendeni. Asumini zilikuwa sita, kila moja katika chungu chake. Zote zilitokana na kipande kimoja cha mti ambacho mama yake Bi Zeyana alikileta kutoka pwani enzi za misafara, kimeviringishwa katika kitambaa chenye maji, miezi mitatu njiani. Kila bibi harusi wa ukoo huo alitoka na koja la maua hayo. Sasa ilikuwa zamu ya Salme. Kuazima maua kwa jirani lilikuwa neno ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya bibi yake.

Thabit, mwana wa Bi Zeyana, alitoka dukani kwake upande wa barabarani, kipimo cha kitambaa kikiwa shingoni.

"Mzee Masolwa, mwagia mafuta ya taa yaishe."

"Yataisha, na asumini pia."

"Basi majivu ya moto."

"Bwana Thabit, mimi nimewahi kuja dukani kukufundisha kupima yadi?"

Bi Zeyana alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ngapi, Masolwa?"

"Nipe tano, Bibi."

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minne, katika darasa la jioni, nimeketi benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Tangu hapo sifanyi kazi kwa kubahatisha. Nina daftari. Nikiona jambo naliandika, nikijaribu dawa naandika imefanya nini.

Siku ya kwanza nilichemsha maji, nikayayeyushia sabuni ya kufulia, nikayaacha yapoe. Nikafuta kila jani kwa kitambaa, juu na chini, mpaka vile vyeupe vikaisha. Siku ya pili niliweka kila chungu juu ya mawe matatu ndani ya karai la maji, kama tunavyosimamisha miguu ya kabati la chakula katika makopo ya maji. Sisimizi hawaogelei. Lakini siku ya tatu walikuwa bado wanatembea juu ya udongo, nikajua kwamba nyumba yao imo ndani ya chungu.

Nikaleta pipa lililokatwa nusu, nikalijaza, nikazamisha vyungu kimoja kimoja hadi ukingoni. Walipanda juu kwa maelfu, kila mmoja na yai jeupe kinywani. Niliwakomba kwa chujio la chai.

"Maiti wangapi mpaka sasa?" Thabit aliuliza kutoka mlangoni.

"Njoo uwahesabu, wewe ndiye mwenye duka."

Jioni hiyo vyungu vilikuwa safi. Asubuhi ya siku ya nne sisimizi walikuwa wamerudi. Tawi moja lilikuwa limegusa ukuta, wakalifanya daraja, na matawi yaliyogusana yaliwapa njia kutoka chungu kimoja hadi kingine. Nililikata tawi, nikavitenga vyungu. Kisha nikachutama, maana niliona jambo ambalo sikulielewa. Majani yalikuwa hayana kitu. Sisimizi hawakwenda kwenye majani. Walijipanga ubavuni mwa chungu, pale maji yanapotokeza jasho, vichwa vyote vimeinamia udongo wa mfinyanzi.

Nikapitisha kidole hapo, nikakilamba. Kilikuwa kitamu.

Nilikaa chini palepale. Miezi miwili nyuma vyungu vya zamani vilikuwa vimepasuka, nami ndiye niliyetafuta vipya. Nilikwenda kwa wauza asali wa Ntalikwa, kwa sababu vyungu vyao ni vinene na vimechomwa vizuri. Nikavisuuza, nikavitoboa tundu kwa msumari. Nikamwambia Bi Zeyana, mbele ya wageni wake, kwamba mji mzima hauna vyungu mfano wa vile.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu. Paskazia ni mtu wa Puge, na baba yake alikuwa na mizinga zaidi ya mia.

"Uliviosha kwa nini?"

"Maji."

"Ya moto?"

"Ya baridi."

Aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Baba Justus! Asali imekaa miaka ndani ya udongo, unaisuuza kwa maji ya baridi? Kwetu chungu cha asali hata maji ya kunywa hatuweki. Kila ukimwagilia, wewe unawapikia uji wale wadudu."

"Nimekwisha jua. Sasa nafanyaje?"

"Hamisha miche. Waambie vyungu vimepata ufa."

"Havina ufa."

"Nani atakagua?"

Kuhamisha mti wenye vitumba ni kuuvunjia nyumba katikati ya uzazi. Vitumba vingi vingeweza kudondoka. Ruhusa ya jambo kama hilo haiombwi kwa uongo.

Kesho yake nilimweleza Bi Zeyana yote, nimesimama, kofia mkononi. Thabit alikuwapo. Bi Zeyana aligeuka, akavitazama vyungu.

"Ndivyo vile vyungu ulivyosema havina mfano?"

"Ndivyo, Bibi."

"Ulisema kweli. Mfano wake sijauona." Thabit aliinama akijizuia kucheka. Mama yake hakumtazama. "Ukihamisha, vitumba vitabaki?"

"Vingine. Nisipohamisha, vyote vitakwenda."

"Basi hamisha. Na wewe Thabit, acha kucheka, kamletee madebe."

Alileta madebe sita. Niliyatoboa, nikayasugua kwa majivu, nikayamwagia maji yanayochemka mara mbili. Udongo mpya niliukaanga juu ya bati. Sikuing'oa miche. Nilizamisha kila chungu tena mpaka sisimizi wa mwisho akaelea, kisha nikakigonga kwa nyundo pande zote, kikaanguka vipande, na bonge la mizizi likabaki zima mikononi mwangu. Matano yalitoka hivyo. La sita lilivunjika, mizizi ikaning'inia. Niliipanda hivyo hivyo.

Niliyaweka madebe kivulini, kila moja na karai lake la maji, hakuna jani linalogusa jani la jirani. Asubuhi na jioni niliyakagua. Vitumba vilidondoka siku mbili, nikaviokota na kuviandika: hamsini na vinne. Siku ya tatu kumi na moja. Siku ya nne hakuna. Wiki iliyofuata vitumba vipya vilichomoza, vyeupe, vimesimama wima.

Alasiri ya kuamkia harusi Bi Zeyana alikuja mwenyewe na sinia, maana asumini huchumwa kabla haijafunguka. Tulichuma mimi na yeye. Sinia halikujaa. Alikaa mkekani, akatunga uzi kwa sindano, na ua la mwisho lilipoingia koja lilikuwa limefika kipimo cha bibi harusi. Halikubaki hata ua moja la vikuba, vile vishada vya kubandika nguoni, vya wageni.

Thabit alichungulia. "Mama, na wageni je?"

"Wageni wanuke udi. Nimewaalika kula, sikuwaalika kunukia." Alilifunika koja kwa kitambaa kibichi, kisha akaelekeza kidevu kwenye debe la sita, lililokuwa vijiti vitupu. "Na ule?"

Nilikuwa nimeukata mpaka karibu na shina. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani.

"Haujafa, Bibi. Nipe mpaka masika yaishe."

"Nimekupa," alisema, akainuka na koja lake kwenda kwa Salme.