Mlango wa Sumayya

Nakutegea, sikiliza: mlango wangu hauna kitasa, na ukikosea mara tatu unajifunga wenyewe. Hujui? Basi muulize Sumayya wa hapa Voi.

Asubuhi hiyo alikuwa na mahojiano ya kazi kwa kompyuta, na simu yake iko kwa fundi. Akachomeka modemu ya mama yake wa kambo, Khairat. Taa ikawaka, kompyuta ikataka PIN ya laini.

"Mama mdogo, PIN ni ngapi?"

Khairat alikuwa akipeta mchele. "Si wewe ndiye msomi, mwanangu? Iulize hiyo kompyuta."

Sumayya akaweka mwaka aliozaliwa Khairat. Ikakataa.

"Tafadhali, mama mdogo, wananingoja."

Khairat akapuliza pumba. Binti akaweka mwaka wa baba. Ikakataa tena, imebaki nafasi moja. Akaweka mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, akidhani pengine alipendwa. Laini ikafungwa.

Hapo Khairat akautua ungo, akajipangusa mikono.

"Ni mwaka nilioolewa," akasema kwa upole. "Ule ule mliomzika mama yako. Nilidhani huwezi kuusahau."