Kiwanja cha Bondeni

Deodata alikuwa ameuchoka mlima. Miaka yote ya ndoa yake alishuka kisimani na ndoo tupu, akapanda na ndoo imejaa kichwani. Sasa matofali ya nyumba mpya yalikuwa tayari, naye hakuwa na neno lingine: nyumba ijengwe bondeni, kisima kikiwa mlangoni. Mumewe, Evaristi, akang'ang'ania palepale juu, eti bondeni kuna mafuriko. Mafuriko gani, na pale Kirushya hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuyaona? Mbishi yule, jamani!

Basi alipofika Jovitha, mtafiti kutoka chuo kikuu, akaomba kutoboa ardhi kwenye kiwanja kilekile cha bondeni ili asome hali ya hewa ya zamani, Deodata alimkaribisha kwa ndizi na maharage. Huyu ndiye angemfunga Evaristi mdomo.

Bomba refu lilizamishwa, likatoka limejaa udongo, ukalazwa juu ya turubai. Majirani wakasogea kuona.

"Mama, udongo huu mweupe unaovunjikavunjika ni alama ya ukame," Jovitha alisema. "Bonde hili lilikauka miaka mingi sana, kabla ya babu wa babu yako."

"Umesikia, Baba Happy? Bonde kavu!" Deodata akamgeukia mumewe kwa furaha.

"Endelea, binti yangu," Evaristi akajibu, mikono mgongoni.

Jovitha akasogeza kidole juu kidogo. "Kisha hali ya hewa ikageuka, mvua ikarudi kwa fujo."

Pale palikuwa na shubiri nzima ya mchanga na kokoto. Deodata akainama. Kokoto zilikuwa nyekundu, zilezile za kule mlimani. Maji yalikuwa yamezisomba mpaka hapa, mahali alipokwisha kuchagua pa kuweka kitanda.

"Inaweza kugeuka tena?" aliuliza taratibu.

"Humu kwenye udongo huu tu imegeuka mara kadhaa, mama."

Moyo ulimuuma kweli. Alikipenda kiwanja kile. Akamwona Evaristi anakohoa, anajiandaa kutamba mbele za watu, akamwahi.

"Haya, nyumba itajengwa juu. Umeshinda, mume wangu." Akaokota ndoo, akampa mkononi. "Na maji utachota wewe."

Majirani wakaangua kicheko, Jovitha naye akacheka hadi machozi. Evaristi aliitazama ndoo, kisha akauinulia mlima macho, na kwa mara ya kwanza akaona ni mrefu.