Tundu Lililozimwa

Hospitalini walimwita Injinia, na jina hilo lilikuwa limeanza kumpanda kichwani. Asubuhi hiyo alikuwa anaunganisha maabara mpya na jengo kuu kwa kebo ya faiba, waya wa kioo unaopitisha mawasiliano kwa mwanga, ili majibu ya vipimo yafike wodini kwa kompyuta, wauguzi waache kukimbizana na karatasi.

Kebo ilikuwa imeshalazwa na mjomba wake, fundi wa nyaya wa miaka mingi ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Injinia alitoa moduli mfukoni mwake, kitu kidogo kama kidole gumba kinachotuma na kupokea mwanga, akaisukuma kwenye tundu la swichi, kisanduku cha kugawa mtandao, mpaka ikalia ka! Akachomeka kebo. Taa haikuwaka. Akachomoa, akafuta ncha, akarudisha. Wapi!

Mganga mkuu na muuguzi mkuu walikuwa wamesimama mlangoni.

"Vipi, Injinia?" mganga aliuliza.

"Kebo ni mbovu. Mzee ameikunja vibaya huko darini."

Mjomba, aliyekuwa kando yake, akainua kipimo chake. "Binti yangu, mwanga unafika. Nimepima."

"Mjomba, hicho kipimo ni cha enzi za mababu!"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alichukua ngazi, akapanda.

Kwa saa nzima walimsikia akitambaa juu ya vichwa vyao, akikohoa vumbi. Kwa kukosa la kufanya, Injinia akafungua kompyuta yake, akapitia mipangilio ya swichi mstari kwa mstari. Tundu la ishirini na nne, lile alilochomeka kebo: limezimwa. Alilizima mwenyewe juma lililopita alipokuwa akiiandaa swichi, akasahau kuliwasha.

Masikio yakamwaka moto. Akaandika amri fupi. Taa ya kijani ikawaka.

"Mzee, umeipatia!" muuguzi akapaza sauti.

Mjomba akashuka, magoti meupe kwa vumbi, utando wa buibui kwenye nyusi. "Basi labda niliikunja mahali," alisema polepole. "Mniwie radhi. Uzee huu."

Hapo ndipo angesema ukweli. Badala yake akakusanya vifaa vyake.

Siku ya tatu akasikia kwamba jengo linalofuata litatafutiwa fundi mwingine wa nyaya. Akaenda ofisini kwa mganga mkuu, akamkuta na muuguzi, akaeleza yote huku akitazama sakafu. Kazi ikabaki kwa mjomba.

Jioni akamfuata mjomba nyumbani, akakiri.

"Nilijua," mjomba alisema. "Kebo niliikagua yote, haikuwa na kosa."

"Mbona uliomba radhi?"

"Ningefanyaje? Nikuumbue mtoto wa dada yangu? Lakini ulinivua nguo mbele za watu, mama. Ngazi haikuniuma. Kicheko kile ndicho kiliniuma."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Kaa."

Mke wa mjomba akatoka jikoni, akauliza mbona binti analia. Mjomba akamwambia aongeze sahani moja.