Mto Uliorudi Kwao

"Mama Kipsang, mto wenu umeenda wapi?"

Nabalayo aliuliza hivyo asubuhi moja, amesimama kwenye mchanga mkavu na debe tupu kichwani. Alikuwa bado mgeni pale kambini. Mumewe alitoka upande wa Kimilili kuja kuendesha trekta. Chepngeno, ambaye ndiye Mama Kipsang, alimjibu kwamba mto umerudi kwao. Nabalayo akashusha debe, akauliza kama uliaga.

Haukuaga. Wanawake waliokuwa wakichuma mboga jana yake jioni waliuona ukipanda kilima kuelekea msitu wa Dundori, polepole, umebeba samaki wake wote, ukijikusanya nyuma yake hadi unyevu wa mwisho. Waliupisha njia, kwa kuwa ulionekana umenuna.

Kila mtu kambini alijua sababu. Shamba lilikuwa chini kidogo ya Bahati, mali ya mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, naye mwaka uliotangulia aliona mto unakula ardhi bure. Akaagiza matete yafyekwe, mikuyu ya ukingoni ikatwe, kona zote zinyooshwe, na pareto ilimwe hadi mdomoni mwa maji. Pale juu kwenye chemchemi akapanda mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Wanaume walikata. Kosgei, nyapara, alisimamia. Wanawake walibeba matete nyumbani kuezekea, na paa la Chepngeno lilikuwa jipya kwa matete hayo.

Sasa Bwana akatuma neno kupitia kwa Kosgei. Kambi isiyo na maji haifugiki. Maji yakirudi, watu watakaa. Yasiporudi kabla ya mahindi kuvunjwa, wote watapelekwa kwenye mkonge, Solai. Chepngeno alilisikia neno hilo akiwa nyuma ya nyumba, aking'oa magugu kwenye kaburi la mumewe Kiptanui, aliyezikwa Kikristo, na msalaba wa mti. Mkonge haukumtisha. Kilichomtisha ni kumwacha Kiptanui peke yake mahali ambapo trekta ingepita.

Kwa watu wa akina Chepngeno, mke akirudi kwa wazazi hafuatwi kwa kamba. Watu huenda na majani mabichi mkononi kuonyesha hawakuja kwa vita, wakakaa nje, na hawapewi hata maji mpaka waseme nani alimkosea. Wanaume wa kambi walijua hivyo. Lakini kusema kosa mbele za watu kulikuwa ni kuilaumu kazi ya Bwana, na ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, watu wakikamatwa kwa neno tu. Mtu alimeza mate kwanza kabla ya kusema jambo. Basi wakachukua majembe, wakachimba mfereji ulionyooka kutoka ukingo wa msitu hadi kambini, ili mto uletwe upesi na maneno yaishe.

Mto uliletwa. Ulipita Alhamisi bila kugeuza kichwa, ukachukua viazi vya watu na udongo wake, kuku wa Nabalayo na benchi la kanisa, na kabla jua halijazama ulikuwa umefika ziwani Nakuru, katikati ya ndege wekundu. Kesho yake ulionekana tena kule juu, kwa mama yake.

"Kwetu mke akivutwa hivyo hata chai hapiki," Nabalayo alisema, akitafuta kuku matopeni.

Chepngeno akaenda kuomba pasi ya kuingia msituni. Kosgei alimwuliza anaenda kwa nani. Akajibu, kwa mama yake mto. Kosgei alifikiri kidogo, akaandika: kutembelea wakwe.

Alisali, kama alivyosali kabla ya kila safari, akapanda. Kwao mto kulikuwa bwawa pana chini ya miti ya podo na mianzi, nyasi zimefika kifuani, na ukungu umetulia juu yake kama moshi wa jikoni. Mama yake mto alikuwa mzee, mpana, wa maneno machache. Mto wenyewe ulikuwa umekaa nyuma yake, umekonda, mawe yakihesabika kama mbavu. Chepngeno alikaa nje, juu ya kuvu na majani, amekunja miguu. Maji yalikuwa kila upande na hakupewa.

"Nani alimvua mwanangu nguo?" mama akauliza.

Chepngeno alimfikiria Bwana. Akamfikiria Kosgei. Kisha akalifikiria paa lake.

"Ni sisi," alisema. "Tuliagizwa, lakini mikono ilikuwa yetu."

Ndipo akapewa maji, kwenye jani.

Waliongea hadi ukungu ukapanda. Mama alisema mwanawe harudi uchi. Pia hakuna kiumbe kinacholala kimenyooka kama fito, kwa hiyo kitanda kirudishiwe kona zake. Anataka mawe ya kuegemea, ya chini tu, maana hakuomba ukuta. Na mvua inayoanguka mlimani ikaribishwe kukaa, siyo kufukuzwa mbio. Juu ya mikaratusi alisema tu kwamba hakuna anayeweza kuishi na walevi mlangoni. Akampa mizizi ya matete, na Chepngeno akaifunga ingali mbichi kwenye kanga yake.

Kazi ikafanywa na wanawake, jioni wakitoka kwenye pareto. Chepngeno alishusha paa lake, akafunga matete makavu kwa kamba na kuyalaza kwenye makorongo ili udongo usimame hapo. Yeye mwenyewe akalala chini ya magunia. Mawe waliyatoa kwenye majiko ya nyumba za Wakikuyu, zilizobaki tupu tangu malori yawachukue wenyewe. Waliyaomba radhi kwanza. Walichomeka vijiti vya mkuyu ukingoni, wakapanda mizizi, wakaziba mfereji wa wanaume. Mikaratusi waliibambua maganda ili ikauke, wakasema ni kuni. Kosgei alipita, akatazama upande wa Menengai, akaendelea na safari yake.

Mvua za kwanza zilipokwisha, Chepngeno alipanda tena, na mto ukashuka nyuma yake kwa mwendo wa mtu anayebeba chungu. Kwenye kizuizi askari waliusimamisha, wakaulizia pasi. Haukuwa nayo. Ulingoja pale juani, ukipungua kidogo pembeni, mpaka Chepngeno akasema ni mgeni wake na yeye ndiye atakayeulizwa. Jumapili ulimfuata kanisani, ukakaa upande wa akina mama, na mhubiri akawaomba wa mbele wainue miguu.

Baadaye ulijilaza kwenye kona zake. Matete yakausitiri. Vyura wakarudi, na maharagwe yakabaki mabichi hata upepo wa kiangazi ulipoanza, kwa kuwa mahali ambapo mto haukuonekana ulikuwa chini, unatembea taratibu. Nabalayo alisema sasa umenenepa, umeanza kufanana na mke wa watu.

Mahindi yalipokuwa yakivunjwa, Kosgei alikuja kwa Chepngeno mchana. Alipewa kigoda na kikombe cha chai. Alipokuwa akiipuliza, mto uliingia nyuma yake, ukajilaza mlangoni kukwepa jua, kama ulivyozoea saa hizo.

Kosgei alisema Bwana amefurahi sana. Amekuja kuyaona maji mwenyewe, hata akavua miwani akaifuta. Ataleta ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, na ng'ombe hao wanataka ukingo ulio wazi, kwa hiyo matete yatafyekwa na kona zitanyooshwa, pampu ipate mahali pa kukaa. Kambi nayo imeziba njia. Lori litakuja Jumatatu kuwapeleka Solai.

Chepngeno aliuliza habari za kaburi. Kosgei alisema Bwana hakutaja kaburi.

"Alisema maji yakirudi tutakaa."

"Ndiyo, mama. Alisema. Sasa yamerudi, anayataka."

Chepngeno alimwongezea chai. Akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mimi nilimwombea ruhusa kwa mama yake," alisema, akielekeza kidevu mlangoni. "Siwezi kumwambia maneno haya. Mwambie wewe. Yuko hapo, anasikia."

Kosgei aligeuka. Mto uliinua kichwa kidogo, jani la tete limeung'ang'ania, ukamtazama bila hasira, kama mwenye nyumba anayemsubiri mgeni aseme shida yake. Kosgei aliweka kikombe chini. Akainama, akafungua viatu alivyopewa na Bwana, akavishika mkononi, akakunja suruali hadi magotini. Akauvuka taratibu, akichagua pa kukanyaga, akatoka na maneno ya Bwana kama alivyokuja nayo.